Neno, Redio na Jinai: Kutoka Bonde la Bugarama hadi Arusha

Mjadala kuhusu uhusiano wa uhalifu na vyombo vya habari, kwa jinsi unavyoendeshwa katika semina zetu nyingi, huanzia mbali na kwetu. Huulizwa kama filamu za mapigano huwafundisha vijana wizi, au kama gazeti linalochapisha picha ya maiti ukurasa wa kwanza linauza habari au linauza damu. Hayo ni maswali halali na hatuyabezi. Lakini kwa mwalimu wa lugha aliyeko Rwanda swali lina uzito mwingine kabisa. Hapa chombo cha habari hakikuripoti jinai tu; chenyewe kilifikishwa kizimbani. Katika makala haya tunakusudia kuieleza historia hiyo kwa jicho la lugha, kwa kuwa tunaamini kwamba wanasheria wameieleza vya kutosha na sisi watu wa lugha tumeigusa kwa ncha za vidole tu.

Tunaanzia Muganza. Sekta hii iko wilaya ya Rusizi, katika eneo lililokuwa mkoa wa Cyangugu kabla ya mgawanyo mpya wa mwaka 2006, ndani ya bonde la Bugarama ambako nchi ya Rwanda inafikia kina chake cha chini kabisa, yapata mita 950 juu ya usawa wa bahari. Kuna mashamba ya mpunga, kuna kiwanda cha saruji cha CIMERWA, na kuna mipaka miwili, wa Burundi na wa Kongo, iliyo karibu kiasi kwamba mtu anaweza kununua chumvi upande mmoja na samaki upande mwingine kabla jua halijawa kali. Kiswahili ni lugha ya soko huko, na wanafunzi wanaotoka bonde hilo hutujia chuoni wakiwa nacho tayari, Kiswahili cha Uvira na cha Bujumbura, chenye makosa ya upatanisho wa kisarufi na ufasaha wa kujadiliana bei ambao hatuna somo la kuufundisha. Redio za nchi tatu husikika. Tumelichagua eneo hili makusudi, maana linapima nadharia zetu kwa namna ambayo Kigali haiwezi, kama itakavyoonekana mbele.

Kwanza magazeti. Mwishoni mwa miaka ya 1980 palikuwa na gazeti lililoitwa Kanguka. Mei 1990 Hassan Ngeze, mtu wa Gisenyi, akaanzisha lake akaliita Kangura. Mwanafunzi wa mofolojia asipite hapa haraka. Kinyarwanda, kama Kiswahili, kina jozi ya viambishi vya unyambuaji inayotenganisha kitenzi cha mtu kutendekwa na kitenzi cha mtu kumtenda mwenziwe: sisi tunasema zinduka na zindua, funguka na fungua, wao wanasema kanguka na kangura. Gazeti la kwanza lilimwambia msomaji aamke. La pili lilimwambia awaamshe wengine. Badiliko la konsonanti moja liliiga jina la mpinzani, likamchukulia wasomaji, na likageuza wito wa mtu binafsi kuwa agizo la kuwashughulikia watu. Desemba mwaka huo huo, katika toleo la 6, Kangura likachapisha zile zinazojulikana kama Amri Kumi za Wahutu, zilizokataza ndoa, biashara na huruma kati ya Mhutu na Mtutsi. Umbo la amri kumi lilichaguliwa kwa nchi ambayo wengi wa watu wake walikuwa wamekaa kwenye madawati ya katekisimu. Hakuna aliyehitaji kufundishwa namna ya kuzikariri.

Kisha redio. Tarehe 3 Machi 1992 Redio Rwanda, redio ya taifa, ilitangaza mara kadhaa tamko lililodaiwa kutoka Nairobi, likisema kwamba pamegunduliwa njama ya Watutsi ya kuwaua viongozi wa Kihutu. Tamko lilikuwa la uongo. Katika siku zilizofuata mamia ya Watutsi waliuawa Bugesera. Antonia Locatelli, Mwitaliano aliyeishi Nyamata miaka mingi, alizieleza redio za nje yaliyokuwa yakitendeka, naye akapigwa risasi akafa mwezi huo huo. Tunalitaja tukio hili kwa sababu wanafunzi hudhani kwamba mambo yalianza na RTLM. Hapana. Yalianza katika chombo cha umma, kwa sauti rasmi ya msomaji wa taarifa, na mkurugenzi wa shirika lililosimamia redio hiyo, ORINFOR, alikuwa Ferdinand Nahimana, profesa wa historia wa Chuo Kikuu cha Taifa. Baada ya Bugesera aliondolewa kwenye cheo hicho. Mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa waasisi wa redio mpya.

Redio hiyo ni Radio Télévision Libre des Mille Collines, yaani RTLM, iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993. Mfanyabiashara tajiri Félicien Kabuga ndiye aliyekuwa rais wake, na mwanasheria Jean-Bosco Barayagwiza, mmoja wa waasisi wa chama cha CDR, alikuwa katika uongozi pamoja na Nahimana. Mbinu yake ya utangazaji ilikuwa ngeni. Redio Rwanda ilizungumza kama barua ya serikali. RTLM ilizungumza kama baraza la pombe. Kulikuwa na muziki, mzaha, simu za wasikilizaji, watangazaji kama Kantano Habimana na Valérie Bemeriki waliojua kuivuta lugha ya mtaani, hata Mbelgiji mmoja, Georges Ruggiu, aliyetangaza kwa Kifaransa. Vijana waliipenda kabla hawajajua inawapeleka wapi. Wanaofundisha stadi za mawasiliano hupenda kusema kwamba mtangazaji mzuri ni yule anayemfanya msikilizaji ajione yuko naye chumbani. Kwa kipimo hicho RTLM ilikuwa redio nzuri mno, na tunashauri kipimo hicho kitafutiwe kingine.

Tuje kwenye maneno yenyewe. La kwanza ni inyenzi, yaani mende. Katika miaka ya 1960 lilitumika kwa wapiganaji wa Kitutsi waliokuwa uhamishoni, waliovamia usiku na kutoweka. Wapo waliosema kwamba wapiganaji wenyewe ndio waliojiita hivyo. Miaka thelathini baadaye jina lilibandikwa kwa wapiganaji wa RPF, halafu likateremka hadi kwa kila Mtutsi, akiwemo bibi kizee wa kijijini na mtoto mchanga. Wataalamu wa semantiki huita hali hii upanuzi wa maana. Sisi tungeongeza kwamba upanuzi huu haukutokea wenyewe, kama maana ya maneno inavyojipanukia yenyewe kwa karne; uliendeshwa na watu waliolipwa mshahara. La pili ni icyitso, kwa wingi ibyitso, yaani mshirika wa adui. Hili lilikuwa na kazi ya kuwakamata wale ambao inyenzi haikuwafikia: Wahutu waliopinga. La tatu ndilo linalotusumbua zaidi kwa kuwa ni letu pia: akazi, kazi, pamoja na kitenzi chake gukora. Kwa miaka mingi serikali ilikuwa imewahimiza wananchi wafanye kazi za pamoja za umma, umuganda, kulima barabara na kuchimba mitaro. Katika Aprili 1994 kwenda kazini kulimaanisha kwenda kuua. Hakuna kamusi inayoweza kumsaidia mgeni kuelewa matangazo ya siku zile kwa maneno kama hayo. Mtu angeweza kuyatafsiri yote kwa usahihi na asielewe chochote.

Hapo ndipo mahakama ilipowahitaji watu wa fani yetu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, ICTR, iliundwa na Baraza la Usalama tarehe 8 Novemba 1994 na kuwekwa Arusha. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, mwanaisimu wa chuo kikuu cha hapa nchini, Mathias Ruzindana, aliitwa kueleza maana za inyenzi, ibyitso, inkotanyi na interahamwe, kila moja kwa wakati wake na mahali pake. Hukumu ya tarehe 2 Septemba 1998 ilikuwa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na ilisema jambo ambalo tungependa libandikwe katika kila darasa la pragmatiki: kwamba ili kujua kama uchochezi ulikuwa wa moja kwa moja, ni lazima kuzingatia utamaduni na lugha ya waliozungumziwa. Neno linaloonekana la fumbo kwa mgeni linaweza kuwa wazi kama mchana kwa aliyekusudiwa. Kwa maneno mengine, majaji walikubali kwamba maana haikai ndani ya neno peke yake.

Kesi iliyojulikana kama Kesi ya Vyombo vya Habari, ya Nahimana, Barayagwiza na Ngeze, ilianza Oktoba 2000, na hukumu ikatolewa tarehe 3 Desemba 2003 na jopo lililoongozwa na Jaji Navanethem Pillay. Mfano uliokuwapo wa zamani ulikuwa Nuremberg mwaka 1946, ambako Julius Streicher, mwenye gazeti la Der Stürmer, alihukumiwa kunyongwa huku Hans Fritzsche, mtu wa redio, akiachiwa huru. Arusha haikumwachia mtu wa redio. Nahimana na Ngeze walipewa kifungo cha maisha, Barayagwiza miaka 35. Jaji Pillay alimwambia Nahimana kwamba bila bunduki, bila panga, bila silaha yoyote ya mkononi, alikuwa amesababisha vifo vya maelfu ya raia wasio na hatia. Ruggiu alikuwa amekwisha kukiri makosa yake mwaka 2000 na kufungwa miaka 12.

Rufaa iliamuliwa tarehe 28 Novemba 2007, na hapa ndipo penye utata ambao wanafunzi wetu hawaukuti katika muhtasari. Majaji wa rufaa walipunguza: Nahimana miaka 30, Barayagwiza 32, Ngeze 35. Walisema kwamba matangazo ya RTLM kabla ya tarehe 6 Aprili 1994 yalichochea chuki, lakini haikuthibitika kwamba yaliita watu waue moja kwa moja na hadharani. Matangazo ya baada ya tarehe hiyo ndiyo yaliyofanya hivyo. Tena mamlaka ya mahakama yalikuwa yamewekewa mpaka wa mwaka 1994, hivyo matoleo ya Kangura ya 1990 hadi 1993, pamoja na zile Amri Kumi, hayakuweza kuwa msingi wa hatia.

Kisheria hatuna la kusema. Mtuhumiwa ana haki ya kuhukumiwa kwa alilolifanya ndani ya mipaka iliyowekwa. Kiisimu tunaona kasoro. Neno inyenzi lililotamkwa tarehe 10 Aprili halikupata uwezo wake tarehe 6. Lililimbikiza maana hiyo katika miaka minne ya kurudiwa, na kila kurudiwa kulikuwa sehemu ya matayarisho. Ukiliondoa katika historia yake unabaki na jina la mdudu. Sheria inataka tarehe ambayo uhalifu ulianza. Lugha haina tarehe za namna hiyo. Sidhani kwamba pengo hili linaweza kuzibwa, wala wenzangu katika idara hawadhani hivyo, lakini mwanafunzi anapaswa ajue kwamba lipo.

Ugumu wa namna hiyo ulionekana pia Kanada. Léon Mugesera alitoa hotuba Kabaya tarehe 22 Novemba 1992, ikanaswa kwenye kanda, kisha akakimbilia huko. Kwa miaka mingi mahakama za Kanada zilibishania hotuba hiyo, na sehemu kubwa ya ubishi ilihusu tafsiri: je, msemaji alikuwa akieleza historia, akitoa mfano, au akiagiza? Mahakama moja ilimpendelea mwaka 2003. Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaamua kinyume mwaka 2005, ikitegemea tafsiri ya mwanaisimu Thomas Kamanzi. Mugesera alirudishwa Rwanda Januari 2012 na kuhukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2016. Mwanamuziki Simon Bikindi naye alihukumiwa Arusha mwaka 2008 miaka 15, na wengi hudhani ni kwa nyimbo zake. Sivyo. Alitiwa hatiani kwa maneno aliyoyatangaza kwa kipaza sauti barabarani mwishoni mwa Juni 1994. Wanaofundisha fasihi simulizi watafurahi au watahuzunika kwa uamuzi huo, kutegemea wanavyouona wajibu wa msanii.

Sasa turudi Rusizi, maana huku hadithi ya redio inakwama. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka na milima huyazuia, na usikivu wa RTLM haukuwa sawa nchini kote. Scott Straus, aliyewahoji wafungwa wapatao 200 waliokiri kuua, aliandika mwaka 2007 kwamba wengi wao hawakutaja redio kuwa ndiyo iliyowasukuma. Walitaja shinikizo la wenzao, viongozi wa mahali, na hofu ya vita. David Yanagizawa-Drott, mchumi, alilinganisha ramani za usikivu na idadi ya walioshtakiwa, na mwaka 2014 akakadiria kwamba yapata asilimia 10 ya ushiriki katika mauaji ilitokana na matangazo. Asilimia 10 ya jinai kubwa kama ile ni watu wengi mno. Lakini pia inamaanisha kwamba sehemu kubwa iliyobaki ilipitia njia nyingine.

Njia hizo zinaonekana Cyangugu. Yusufu Munyakazi, kiongozi wa Interahamwe wa Bugarama, alihukumiwa Arusha mwaka 2010 miaka 25 kwa kuongoza mashambulizi katika parokia ya Shangi tarehe 29 Aprili 1994 na ya Mibilizi siku iliyofuata. Wafuasi wake walitoka bondeni wakapanda milimani. Walikuwa na kiongozi waliyemfahamu kwa sura, hawakuhitaji sauti ya Kigali kuwaambia waende. Mjini Cyangugu, watu waliokimbilia uwanja wa Kamarampaka walichaguliwa na kutolewa kwa majina. Orodha nayo ni maandishi, ingawa hakuna kozi ya uandishi wa habari inayoihesabu kama chombo cha habari. Basi tunavyoona sisi, redio haikuwa kiberiti kilichowasha nyasi kavu kama inavyosemwa. Ilitoa msamiati. Aliyetoa amri kilimani alitumia maneno ambayo kila mtu alikwisha kuyazoea, kwa hiyo hakulazimika kusema ua.

Upande mwingine wa uhusiano huu ni ule wa mwandishi aliye shahidi, na hapa pia Cyangugu imo. Majeshi ya Ufaransa yalipoingia Juni 1994, waandishi waliofuatana nayo waliiona kambi ya Nyarushishi, walimokuwamo Watutsi wapatao 8,000. Tarehe 27 mwezi huo waandishi wachache, akiwemo Patrick de Saint-Exupéry wa Le Figaro, walikuwapo Bisesero pale askari walipokutana na manusura kisha wakaondoka. Walirudi tarehe 30, na wengi walikuwa wamekwisha kuuawa katika siku hizo tatu. Bila waandishi wale, huenda siku hizo tatu zingesahaulika. Kabla ya hapo magazeti mengi ya nje yalikuwa yakiandika juu ya vita vya kikabila. Mpango wa kuzuia mawimbi ya RTLM kwa ndege ulikataliwa Washington mwezi Mei, na waraka wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani ulitaja gharama ya dola 8,500 kwa saa ya kuruka.

Lugha ya wanadiplomasia nayo ilikuwa na mbinu zake. Tarehe 10 Juni msemaji wa serikali ya Marekani aliulizwa ni vitendo vingapi vya mauaji ya kimbari vinavyotosha kuitwa mauaji ya kimbari, kwa kuwa alikuwa amekubali vitendo na kukwepa jina. Kwetu sisi jambo hili si la kuchekea, maana Kiswahili kina uchaguzi wa namna hiyo hiyo. Bado tunasahihisha insha zinazoandika mauaji ya halaiki. Halaiki ni umati. Neno hilo linahesabu maiti halisemi waliuawa kwa nini. Kimbari limetokana na mbari, ukoo, nasaba, na linabeba sababu ndani yake. Kinyarwanda chenyewe kilibadili: itsembabwoko n'itsembatsemba iliyokuwa katika Katiba ya 2003 iliachia nafasi jenoside yakorewe Abatutsi mwaka 2008, na Umoja wa Mataifa ukafuata kwa kuibadili siku yake ya kumbukumbu mwaka 2018. Mwalimu anayepigia mstari halaiki kwa wino mwekundu asidhani anabishana juu ya mtindo.

Haifai kuacha pasipo kutaja zile redio zilizojaribu kinyume. Agosti 1994, ng'ambo ya mto Rusizi, Bukavu, ilianza Radio Agatashya, ambayo baadaye iliendeshwa na wakfu wa Hirondelle. Majina yote mawili maana yake ni mbayuwayu. Ilitangaza kwa Kinyarwanda, Kirundi, Kifaransa na Kiswahili kwa mamia ya maelfu ya wakimbizi, ikitoa habari bila mbwembwe: wapi pana maji, nani amerudi, kipi kimethibitishwa. Vita vya mwaka 1996 viliinyamazisha. Katika miaka ile ile, kutoka upande wa Kivu, Radio Rutomorangingo ilikuwa ikipeleka chuki Burundi. Mtu wa Muganza mwenye redio ndogo angeweza kuzungusha kitufe kutoka moja hadi nyingine. Mwaka 2004 ukaleta Musekeweya, mchezo wa redio wa vijiji viwili vya kubuni, ambao hadi leo ni mfano bora tunaoujua wa tamthilia inayomfundisha msikilizaji jinsi chuki inavyotengenezwa hatua kwa hatua.

Wala jambo hili si la Rwanda pekee. Joshua arap Sang, mtangazaji wa Kass FM iliyorusha matangazo kwa Kikalenjin, alishtakiwa The Hague kwa ghasia za Kenya za 2007 na 2008. Kesi ilisitishwa Aprili 2016 kwa upungufu wa ushahidi. Kabuga alikamatwa karibu na Paris Mei 2020, kesi yake ikafunguliwa Septemba 2022, na mwaka 2023 majaji wakaisimamisha kwa muda usiojulikana kwa sababu ya afya yake. Barayagwiza alifia Benin mwaka 2010. Nahimana aliachiwa mapema mwaka 2016.

ICTR ilifungwa mwisho wa mwaka 2015, na nyaraka zake zikarithiwa na taasisi iliyoifuata, ambayo majengo yake yako Lakilaki, nje ya mji wa Arusha. Kanda za RTLM na maandishi yake yaliyotafsiriwa kwa Kifaransa na Kiingereza ni sehemu ya hazina hiyo. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaotafuta mada ya tasnifu, hasa wale wa Rusizi wanaozimudu Kinyarwanda na Kiswahili kwa kiwango kimoja, wachukue kipindi kimoja cha nusu saa wajaribu kukitafsiri kwa Kiswahili, na kueleza katika maelezo ya chini kila mahali ambapo neno kazi haliwezi kubaki kazi. Tuko tayari kusimamia kazi hiyo kuanzia muhula ujao.